Hilo Sanduku Hatulipokei



Wale waliohudhuria mkutano wetu wa baada ya Idi wanakumbuka ulivyomalizika. Pilau ilikuwa imeshaliwa, watoto wamekwenda kucheza mpira uani, na habari za mfuko wa mazishi zilikuwa zimekwisha salama. Ndipo mjomba wetu mmoja, mtu tunayemheshimu, ambaye alitusaidia wengi tulipofika nchi hii tukiwa hatujui hata kupanda basi, akasimama akasema ana habari njema kwa "wale vijana wa garaji". (Vijana wenyewe tumeshapita hamsini, lakini kwa mjomba kijana ni yeyote aliyemkuta yeye Uingereza.) Habari yenyewe ni kwamba amepata mzamiaji huko nyumbani aliye tayari kututolea matumbawe hai, vipande hamsini kwa kuanzia. Yafungwe kwenye mifuko ya maji, yatiwe katika sanduku la samaki, yaje na msafiri. Mfuko wa jumuiya utoe pauni 600 za kuanzia. Bahari imejaa, akasema, na ni bure.

Tulipokataa, maneno yakawa mengi. Tukaambiwa tumekuwa Wazungu. Tukaambiwa tunawanyima vijana wa nyumbani riziki ilhali sisi wenyewe tumeshashiba. Tukaambiwa, na hili ndilo lililouma, kwamba tunaogopa ushindani. Tukaondoka kimya kwa heshima ya umri. Lakini sasa tumesikia kwamba sanduku bado linapangwa, na jina letu linatajwa huko kuwa ndio wapokeaji. Kwa hiyo tunaandika hapa mbele ya wote, ili isije ikasemwa baadaye kuwa kimya chetu kilikuwa ridhaa: hilo sanduku hatulipokei. Na sababu zetu, mtaona, hazikutoka kwa Wazungu.

Wapo wasomaji ambao hawajafika garajini, basi tueleze kwanza tunafanya nini. Sisi ni watatu: muuguzi wa zamu za usiku, fundi bomba, na mhandisi wa mitambo aliyesoma chuo kikuu hapa Uingereza miaka ya 1990, ambaye ndiye wenzake waliyemtwika kalamu. Mwaka 2017 tulianza kujenga mahodhi ya kupandia matumbawe. Hatukununua matangi ya dukani kwa sababu bei zake si za watu wanaotuma pesa nyumbani kila mwisho wa mwezi. Tulinunua mabao ya plaiwudi, yale ya futi nane kwa nne, bao moja zima likawa sakafu ya hodhi moja, tukaunga kuta kwa skrubu za chuma kisichoshika kutu, tukapaka ndani epoksi mara nne juu ya kitambaa cha faibaglasi. Mahodhi mawili. Chini yake tukaweka lile pipa la plastiki la mraba lenye kizimba cha chuma, la lita 1,000, ambalo viwanda vya vyakula huliuza kwa bei ya kutupa. Humo ndimo zinamokaa pampu, hita, na chombo cha kutoa povu linalobeba uchafu.

Watu wanaokuja huuliza kwa nini tumejenga sinia badala ya tangi, maana kina cha maji ni sentimita 40 tu. Jibu ni kwamba maji hayana huruma. Ukuta wa hodhi wenye urefu wa mita 2.4, maji yakiwa sentimita 40, unasukumwa nje kwa nguvu sawa na uzito wa karibu kilo 200. Ongeza kina mara mbili, na nguvu haitaongezeka mara mbili bali mara nne: karibu kilo 800. Upana wa hodhi haubadilishi kitu. Ukutani kinachosukuma ni kina tu. Plaiwudi inavumilia sinia. Na kwenye sinia mkono unafika chini, na taa haihitaji kuwa kali sana ili mwanga ufike kwenye sakafu. Tulifanya hesabu hizi jikoni nyuma ya bahasha, na hadi leo kuta hazijavimba hata milimita tano.

Maji yote ni lita 3,000, yaani tani tatu na ushei, na chumvi tuliyoyeyusha ilipita kilo 100. Maji ya bomba hatuyatii kama yalivyo. Nchi hii kampuni za maji huongeza fosfeti ili risasi ya mabomba ya zamani isiingie kwenye maji ya kunywa. Jambo jema kwa watoto wetu, baya kwa matumbawe, kwa kuwa fosfeti ni mbolea ya mwani, na mwani ukikua hufunika kila kitu. Kwa hiyo kila tone linasukumwa kwanza kwenye utando wa kuchujia. Kwa kila lita tunayoipata safi, lita mbili au tatu zinakwenda bustanini au kufulia.

Sasa tuje kwenye lile ambalo tungependa kila mtu wa pwani alijue, maana ndilo kiini cha ugomvi huu.

Tumbawe si jiwe, wala si mmea, ingawa linafanana na vyote viwili. Ni kundi la wanyama wadogo mno, kila mmoja na mdomo wake na mikono yake, wanaoishi pamoja juu ya nyumba waliyoijenga wenyewe. Ndani ya miili yao wamefuga mwani wa seli moja, ambao unawalipa kodi kwa sukari inayotengenezwa na mwanga. Na nyumba wanayoijenga ni ya chokaa. Wanaichota chokaa hiyo kwenye maji. Mahodhi yetu yakiwa yamejaa, tukipima asubuhi na kupima tena asubuhi ya pili, kabonati ya maji (ambayo wapimaji bado wanaihesabu kwa kile wanachokiita digrii za Kijerumani) inakuwa imeshuka digrii moja. Piga hesabu kwa lita 3,000: ni gramu 50 na ushei za chokaa ngumu zilizotoka majini zikawa mfupa, kwa siku moja. Kwa mwaka ni karibu kilo 20. Tusiporudisha kilichotumika, siku nne au tano zinatosha kuona rangi zikififia.

Na tunarudisha kwa nini? Kwa chokaa iliyozimwa. Ile ile. Tunaikoroga kwenye maji safi, kama gramu moja na nusu kwa lita, tunaiacha itulie mpaka maji yawe meupe kama kioo, halafu maji hayo yanadondoka tone kwa tone usiku kucha kufidia yale yaliyoruka mvuke mchana. Mvuke huo ni lita 20 na kitu kwa siku, na kwa bahati nzuri chokaa inayoweza kuyeyuka ndani ya lita hizo inakaribia kutosha mahitaji yote.

Usiku wa kwanza tulipofungua koki ya chokaa tulikaa kimya wote watatu. Mmoja wetu alikulia kwenye nyumba ambayo kuta zake ni mawe ya matumbawe na plasta yake ni chokaa ya tanuri la jirani. Babu zetu walifanya kazi hii hii kwa upande wa pili: walitoa matumbawe baharini, wakayapanga juu ya magogo, wakayachoma mpaka yakawa unga, wakauzima kwa maji, wakapaka. Kilwa imejengwa hivyo, Gedi imejengwa hivyo, Lamu na Mji Mkongwe pia. Na kwa kazi nzuri zaidi, za mihrabu na vidaka, walichonga tumbawe lililotolewa baharini likiwa bado bichi, kwa sababu bichi huchongeka na likikauka huwa gumu. Sisi tunachukua chokaa na kuirudisha kuwa tumbawe. (Mtu asije akatusifu kwamba tunasafisha hewa. Chokaa ya kopo nayo ilichomwa mahali, na moshi wake ulikwenda juu kama moshi mwingine.)

Hatuwalaumu babu. Walikuwa wachache, bahari ilikuwa nzima, na walichotoa walikiweka kwenye kuta zilizokaa karne nyingi. Lakini hesabu ile ya chokaa ndiyo inayotuzuia kupokea sanduku, kwa kuwa sasa tunajua, kwa gramu, kila kidole cha tumbawe kinagharimu nini. Yale ya matawi huenda haraka, hata sentimita kumi kwa mwaka mahali pakiwa pazuri. Yale ya mabonge, ambayo wazee walichongea mihrabu, huongezeka kama sentimita moja tu. Bonge lililofikia kimo cha mita moja lina umri wa mjomba na wa baba yake juu. Mzamiaji mwenye nyundo atalitoa kwa dakika tatu.

Mjomba alikuwa na hoja, na mgala muue na haki yake mpe. Alisema: huko nyumbani watu wamelipua miamba kwa baruti miaka na miaka, wengine wamechoma matumbawe matanurini Mafia na Mtwara mpaka zama zetu hizi, watalii wanayakanyaga, nanga za maboti zinayavunja. Nyie vipande hamsini ndivyo mnaviona dhambi?

Ni kweli yote aliyoyasema, na angeweza kuongeza kubwa kuliko hayo. Mwaka 1998 bahari yetu ilipata joto, na matumbawe ya Bahari ya Hindi ya Magharibi yakawa meupe kama mifupa, mengi yakafa. Ikarudi 2016. Na Aprili 2024 wanasayansi wa kimataifa walitangaza kwamba kupauka kulikoanza 2023 kulikuwa kwa dunia nzima, mara ya nne katika kumbukumbu. Kinachotokea ni kwamba joto likizidi kwa digrii moja tu juu ya kiwango cha juu cha kiangazi walichozoea, na likakaa wiki kadhaa, wale wanyama wanawafukuza wapangaji wao, ule mwani, na kubaki bila chakula. Sisi tumeliona garajini, Julai moja yenye joto, feni ilipokufa na hakuna aliyekuwepo. Maji yalifika digrii 31. Lakini hoja ya mjomba inakwenda kinyume na anavyodhani. Mtu ambaye nyumba yake imeungua vyumba vitatu hatoi milango ya chumba cha nne kuuza.

Halafu kuna sheria, na hapa tunazungumza na kila mzazi mwenye mtoto anayesafiri. Matumbawe magumu yote yamo katika Kiambatisho cha Pili cha mkataba wa CITES. Maana yake si kwamba biashara yake ni haramu moja kwa moja. Maana yake ni kwamba lazima kuwe na kibali cha serikali ya kule yanakotoka na kibali cha kuingizia hapa, vyote viwili, kabla sanduku halijapanda ndege. Nchi zenyewe zinazouza zimebana: Indonesia, muuzaji mkubwa kuliko wote, ilisimamisha usafirishaji mwaka 2018, ikarudisha baadaye kwa masharti ya matumbawe yaliyopandwa. Sanduku la mjomba halina karatasi hata moja. Na atakayesimamishwa Heathrow si mjomba. Ni binti wa watu anayekuja kusoma, aliyeambiwa uwanjani "mwanangu, nibebee kisanduku hiki cha samaki, kuna mtu atakupokea." Atakayempokea, kwa mujibu wa mpango, ni sisi.

Na yatafika? Tumewahi kupoteza vipande tulivyovitoa Birmingham, mwendo wa saa moja kwa gari, kwa sababu tulisimama njiani kula. Sanduku lisilojulikana, lililokaa juani bandarini, likabadili ndege Ghuba, likaingia Uingereza Januari, litafunguliwa likiwa na supu. Katika hamsini labda yapone matano, nayo yatakuja na minyoo, konokono na magonjwa ambayo mahodhi yetu hayajawahi kuyaona. Isitoshe mzamiaji hatajua anachotoa. Kuna jamaa wa matumbawe laini, wenye maua kama vifungo, ambao baadhi yao wana sumu inayoitwa palitoksini, kali mno. Mwaka 2018 familia moja huko Oxfordshire ilipelekwa hospitali baada ya tangi lao kusafishwa ndani ya nyumba. Garaji letu limeungana na jiko. Wajukuu wanapita humo.

Kwa hiyo tukasema, na tunasema tena: hatuhitaji kutoa kitu baharini, kwa sababu tumbawe ni kama muhogo. Mwenye muhogo haendi kuomba mbegu msituni. Anakata pingili, anapanda, na shina la mama linaendelea. Tumbawe nalo unalikata kwa mkasi wa mifupa, unaligandisha kwa tone la supagluu juu ya kigae kidogo cha saruji, unaliweka mahali penye mkondo wa maji, na baada ya wiki mbili tatu limeshika lenyewe. Baada ya mwaka unakata tena. Tulianza na vipande 36, vyote kutoka kwa wafugaji wa hapa hapa ambao nao walikata kwa mama zao. Leo vimepita 600. Hakuna hata kimoja tulichokitoa baharini. Na kabla hatujaambiwa tena kuwa hii ni sanaa ya Kizungu: mmoja wa watu wa kwanza kuieleza dunia namna ya kuweka matumbawe hai katika tangi kwa kutumia mawe hai ya bahari alikuwa Lee Chin Eng wa Jakarta, mwaka 1961, wakati wengi wa huku walikuwa bado wanaweka mifupa mikavu ya matumbawe kama pambo.

Msidhani tunajisifu. Vile 36 vya mwanzo, 29 vilikufa mikononi mwetu, na waliovifisha si wajinga bali ni wasomi. Mwaka 2018 mmoja wetu, yule mwenye shahada, alifunga koki ya shaba nyeupe kwenye bomba la kujazia maji kwa sababu alikuwa nayo kwenye droo na duka lilikuwa limefungwa. Ni koki ndogo isiyozidi kidole gumba. Fundi bomba alimwambia subiri kesho tupate ya plastiki. Akajibiwa kwa fomula. Shaba ikawa inayeyuka kidogo kidogo kwenye maji ya chumvi, na kwa matumbawe shaba ni sumu. Ilichukua siku kumi na moja tukibadilisha taa, tukibadilisha chumvi, tukilaumu chujio, mpaka muuguzi akauliza swali ambalo angeuliza wodini: kitu gani kipya kimeingia? Hodhi lilibaki na vipande saba na harufu ambayo jirani alikuja kuuliza habari zake. Tangu siku hiyo hakuna chuma chochote kinachogusa maji bila kura ya watatu, na fundi bomba ana kura mbili.

Tunaeleza haya kwa sababu kuna kundi la pili ambalo nalo lazima tuligombeze, na hilo ni la wanaotusifu. Katika mkutano ule ule kijana mmoja alisimama kututetea, Mungu amlipe, akasema "hawa wazee wanaokoa bahari." La hasha. Hatuokoi kitu. Vipande vyetu 600 vimetoka kwa mama 14 tu. Kwa hesabu ya damu tunao wakazi 14, waliokatwa katwa. Bahari haiwezi kuishi kwa pingili peke yake. Joto likija linaua vyote vinavyofanana kwa pamoja. Bahari inahitaji matumbawe yazae, usiku wa mwezi wake, mbegu za huyu zikutane na mayai ya yule, watoke watoto wasiofanana na wazazi. Kufanya hilo ndani ya tangi kunawezekana, lakini mtazame kulivyogharimu. Tulikwenda London kwenye makumbusho ya Horniman, ambako Jamie Craggs na wenzake walifaulu, na mwaka 2017 wakachapisha njia yao. Ilibidi waige mwaka mzima wa bahari: joto la kila mwezi, urefu wa kila siku, kuchomoza na kutua kwa jua, na mwezi wenyewe ukikua na kupungua. Sisi tuna saa ya kuwashia taa ya dukani.

Tena, mama zetu wengi asili yao ni Indonesia na Australia. Hakuna kipande cha garaji letu kitakachowahi kutiwa katika bahari ya Unguja au ya Lamu, hata akiomba waziri. Mgeni na magonjwa yake abaki hodhini.

Kwa nini tunaendelea basi? Wake zetu wameuliza hilo kwa miaka, na Oktoba 2022, yuniti ya umeme ilipofika peni 34, waliuliza kwa sauti. Wakati wa baridi tulikuwa tunakula yuniti 25 kwa siku, zaidi ya pauni 250 kwa mwezi. Zaidi ya nusu ya joto hilo lilikuwa linaondoka na mvuke: lita 20 za maji zikiruka zinabeba joto la yuniti 13 hivi, na kuta za garaji zikaota ukungu kwa unyevu. Tulizima hodhi moja majira yale yote, tukabanana kwenye jingine kama abiria wa daladala. Tunaendelea kwa sababu tunauza vipande vya kutosha kulipa umeme na chumvi, si zaidi, na kwa sababu ndiyo kazi pekee tuliyoipata ughaibuni ambayo haikuwa ya kubeba maboksi ya mtu mwingine. Hiyo ni sababu yetu, na hatuifichi nyuma ya bahari.

Lakini ile bili ndiyo iliyotufungua macho. Tulikaa tukaiandika mstari kwa mstari: chumvi, hita, taa, pampu za kufanya mawimbi, kuchuja maji. Kila mstari ni kitu ambacho kijana wa Jambiani au wa Wasini anacho bure mlangoni kwake. Jua analo, joto analo, maji ya chumvi yanakuja na kurudi mara mbili kwa siku bila pampu. Kilicho chetu na ambacho yeye anaweza kukikosa ni ujuzi wa mikono tu: namna ya kukata, kugandisha, kupima, kutambua ugonjwa mapema, kuandika daftari. Ndicho kitu pekee cha garaji hili kinachostahili kusafiri, na hakihitaji sanduku.

Na huko tayari wapo walioanza. Wasini na Mkwiro, kusini ya Mombasa, wanavijiji pamoja na watafiti wamekuwa wakiotesha matumbawe ya bahari yao wenyewe ndani ya bahari yao wenyewe. Chumbe, karibu na mji wa Unguja, mwamba umehifadhiwa kisheria tangu 1994, na waliofanywa walinzi ni wavuvi wa zamani. Hao ndio wa kuungwa mkono, na wao wanatujua bahari kuliko sisi.

Mjomba anasema riziki. Haya, tuzungumze riziki. Kilimo cha mwani cha biashara kilianza Paje na Jambiani mwaka 1989. Mama zetu na dada zetu wamesimama ndani ya maji miaka mingi wakifunga vipande kwenye kamba, ujuzi ule ule wa pingili, na bei yake imekuwa ikipangwa na wanunuzi wa mbali, ndogo mno kwa kazi ile, kwa sababu sisi tulibaki kuuza majani makavu na wengine wakauza kilichotolewa ndani yake. Sanduku la mjomba ni hadithi hiyo hiyo ikiwa mbaya zaidi. Mzamiaji atapewa shilingi za sigara. Kipande hapa kitauzwa pauni 40. Katikati wataishi watu watatu wanne, sisi tukiwemo. Na mwani angalau huota tena baada ya wiki sita.

Kwa hiyo tunaomba mkutano ujao upige kura juu ya jambo moja. Zile pauni 600 alizoziomba mjomba zitolewe, lakini ziwalipie vijana wawili, mmoja wa kiume na mmoja wa kike, nauli na chakula, wakakae na hao wanaopanda matumbawe nyumbani kwa muda wa kutosha kujifunza. Sisi watatu tutaongeza pauni 300 za mauzo yetu, na tutawatumia mikasi, vipimo na daftari zetu zote za tangu 2017, kurasa za vifo zikiwa ndani. Mjomba awe mwenyekiti wa kuwachagua, maana anajua watu wa huko kuliko sisi, na tunamwomba radhi kwa kumjibu gazetini.

Yeyote anayetaka tumbawe la kufuga nyumbani kwake, garaji liko wazi Jumamosi ya kwanza ya kila mwezi, baada ya adhuhuri. Aje na ndoo yenye mfuniko na taulo la kuizungushia. Chai ipo, na mandazi tukijaliwa. Viatu vivuliwe mlangoni, maana sakafu ina maji.